Tuisheni ya Gredi ya 9 jijini Nairobi: mzazi alipe au aache?

Miongoni mwa Wapwani wanaoishi Nairobi, kuna swali linalorudi kila mwaka: mtoto aliye Gredi ya 8 au 9 atafutiwe mwalimu wa nyumbani, au yatosha anayofunzwa shuleni? Utalisikia baada ya swala ya Ijumaa nje ya Msikiti wa Jamia, utalisikia arusini South C. Linawasumbua zaidi waliohamia Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Westlands, ambako mtoto wa jirani ana mwalimu wa Hisabati Jumanne, wa Sayansi Alhamisi na wa Kifaransa Jumamosi. Mzazi akitazama hivyo huona kama mwanawe anaachwa nyuma hata kabla mbio hazijaanza.

Shule zinazogombaniwa ziko karibu, ndiyo maana zinatamaniwa. Nairobi School iko Waiyaki Way, Kenya High iko Kileleshwa, Lenana iko upande wa Ngong Road, na Alliance, iliyofunguliwa mwaka 1926, iko Kikuyu, mwendo mfupi tu ukitoka Westlands. Tatu za kwanza zilijengwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Nairobi School iliitwa Prince of Wales, Lenana iliitwa Duke of York, na Kenya High ilikuwa ya wasichana wa Kizungu. Leo ni shule za umma, lakini nafasi ni chache na wanaozitaka wako kila kaunti, kuanzia Lamu hadi Busia.

Tuisheni tunayoijua ilizaliwa na mtihani wa zamani. Kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, KCPE ilikuwa mlango mmoja mwembamba: katika miaka yake ya mwisho, alama 500, siku tatu, basi. Isipokuwa insha na composition, maswali yalikuwa ya kuchagua jibu. Mtihani wa aina hiyo unafundishika kwa mazoezi ya karatasi za nyuma, na mwalimu hodari wa tuisheni aliweza kweli kumpandisha mtoto alama 30 au 40 kwa miezi michache. Sifa hiyo bado inauzwa leo, ingawa mlango wenyewe umebadilishwa.

Sasa hesabu iko hivi. Nafasi ya Sekondari Pevu, yaani Gredi ya 10, inatokana na vitu vitatu. Mtihani wa KPSEA wa mwisho wa Gredi ya 6 unachangia asilimia 20. Tathmini zinazofanyiwa shuleni katika Gredi ya 7 na 8 zinachangia asilimia 20 nyingine. Mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2025, unabeba asilimia 60. Mzazi anayeshtuka muhula wa pili wa Gredi ya 9 na kukimbilia mwalimu wa nyumbani ajue kwamba asilimia 40 imeshafungwa. Hakuna mwalimu wa Lavington wala wa mbinguni atakayeifungua.

Halafu kuna masomo yenyewe. KJSEA ina masomo tisa, na kila somo lina ngazi nane, kutoka pointi 8 hadi pointi 1, jumla 72. Tuisheni ya mjini huzunguka Hisabati, Sayansi na Kiingereza. Ni sawa, hasa kwa mtoto anayelenga mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule unaoitwa STEM. Lakini katika ile jumla ya 72, Kiswahili kina pointi 8 zile zile, na Elimu ya Dini ya Kiislamu ina pointi 8 zile zile. Nimeona wazazi wakimtoa mtoto madrasa ili apate saa mbili za Hisabati, na huku dini iko kwenye mtihani! Kiswahili nacho tusikichukulie poa eti kwa sababu tumezaliwa Mombasa au Malindi. Mtoto aliyekulia Kileleshwa anazungumza Sheng na Kiingereza, na nyumbani anasikia Kimvita. Sarufi ya mtihani si mojawapo ya hivyo vitatu.

Kuhusu sheria, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, inakataza mwanafunzi kulazimishwa kuhudhuria tuisheni ya likizo, na anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Kwa hivyo shule ikikuambia mtoto wako lazima arudi Agosti na alipe pesa za "kumaliza silabasi", una haki ya kukataa. Mwalimu anayekuja nyumbani kwa mapatano na mzazi ni jambo jingine, na huko ndiko soko lilikohamia. Si Kenya peke yake. China ilipiga marufuku kampuni za tuisheni za kutafuta faida katika masomo makuu mwaka 2021, na Korea Kusini ilijaribu marufuku yake kuanzia 1980 hadi mahakama ya katiba ilipoitupa mwaka 2000. Pale ambapo shule nzuri ni chache, wenye pesa watatafuta njia ya pembeni. Na wanaoumia ni wale wa Kangemi na Kawangware, ng'ambo tu ya ukuta wa Lavington, ambako watoto wengi hukusanywa chumba kimoja mbele ya mwalimu mmoja, wakati wa upande wa pili wana mwalimu wao peke yao mezani.

Gharama ipigiwe hesabu kabla ya kuanza. Tuseme mwalimu anataka shilingi 1,000 kwa saa, na anakuja saa moja mara mbili kwa wiki. Hiyo ni 8,000 kwa mwezi wa wiki nne, na kwa miezi tisa ya masomo ni 72,000. Linganisha na shilingi 53,554, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa ada ya mwaka mzima ya mzazi katika shule ya kitaifa ya bweni chini ya mwongozo wa serikali. Yaani unaweza kutumia pesa nyingi kutafuta nafasi kuliko utakazolipa mtoto akishaipata. Kama pesa hizo ndizo zingenunua godoro, sare na sanduku la Gredi ya 10, fikiria tena.

Kuna wakati tuisheni ina maana. Mtoto aliyehama kutoka shule ya Kwale au Tana River katikati ya Gredi ya 7 na akakuta wenzake wako mbele, huyo anahitaji msaada. Mtoto aliyekosa muhula kwa ugonjwa pia. Au yule ambaye tatizo lake ni moja na linajulikana: sehemu, aljebra, kuandika Kiingereza. Kwa hawa, miezi mitatu ya mwalimu mmoja mwenye lengo moja inatosha, na ianze Gredi ya 7 au 8. Lakini mtoto anayefanya vizuri na anaongezewa saa kwa sababu tu jirani ameongeza, huyo anachoshwa. Anaondoka nyumbani alfajiri kuwahi basi, anarudi jioni kwa msongamano wa Waiyaki Way, anaswali Magharibi, kisha anamkuta mwalimu sebuleni. Chuo atasoma saa ngapi? Atalala saa ngapi?

Ukiamua kumchukua mwalimu, omba nambari yake ya usajili wa TSC, kwa kuwa mwalimu halali amesajiliwa na tume hiyo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha pia, na wengine ni wazuri sana, ila jua unamlipa nani. Masomo yafanyike sebuleni, mlango wazi, na mtu mzima awepo nyumbani. Kwa binti, mwalimu mwanamke ni bora. Tusiogope kuitwa washamba kwa jambo hili. Khalwa haikuhalalishwa na Hisabati.

Jambo linalosahaulika ni fomu ya kuchagua shule. Mwaka 2025 kila mtoto wa Gredi ya 9 alichagua shule 12, pamoja na mkondo na mchanganyiko wa masomo, na shule zimepangwa kwa makundi kutoka C1, zilizokuwa za kitaifa, hadi C4. Mtoto mwenye pointi nzuri anaweza kuangushwa na fomu iliyojazwa majina makubwa matupu, au na mchanganyiko ambao shule hiyo haiufundishi. Jioni mbili za baba na mama kukaa na mtoto juu ya fomu hiyo hazina ada.

Na kabla ya kuandika jina la shule, piga simu uulize mambo matatu: kama kuna mwalimu wa dini ya Kiislamu, kama wavulana wanaruhusiwa kwenda Ijumaa, na kama wasichana wanaruhusiwa hijabu. Mahakama ya Rufaa ilikubali hijabu shuleni mwaka 2016 katika kesi iliyotoka Isiolo, lakini Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019, kwa hivyo jibu bado linategemea shule yenyewe. Uliza mapema, kwa jina la anayekujibu, maana mtoto akishapangiwa na serikali, kuomba kubadilishiwa ni kusimama foleni na maelfu ya wazazi wengine.