Upatanifu wa sauti ya mzunguko na risiva za zamani

Upatanifu wa sauti ya mzunguko ni uwezo wa risiva ya zamani ya sinema ya nyumbani kucheza miundo mipya ya sauti ya spika nyingi. Risiva za kabla ya HDMI 1.3, ya mwaka 2006, haziwezi kufumbua Dolby TrueHD wala DTS-HD. Hata hivyo, DTS-HD Master Audio hubeba ndani yake DTS ya kawaida, nayo diski ya Blu-ray yenye TrueHD huambatana na Dolby Digital. Zote mbili hupita kwenye waya wa optiki hadi chaneli 5.1.

Mara nyingi kikwazo ni waya zaidi kuliko risiva. King'amuzi kilichochomekwa kwa pini nyekundu na nyeupe hutoa chaneli 2 tu, ingawa risiva yenye Dolby Pro Logic, teknolojia ya 1987, huzitandaza hadi spika za nyuma.