Darasa la Mbali na Swali la Nani Aliitika

Mwaka 1980 yalitokea mambo mawili ambayo sijawahi kuona mtu akiyaweka pamoja. Kule Marekani, Marvin Minsky, mtaalamu wa kompyuta wa MIT, aliandika katika jarida la Omni kuhusu kuwepo kwa mbali. Aliwaza koti lenye vihisio na mota ndogondogo. Ukisogeza mkono wako, mkono wa mashine ulio nchi nyingine unasogea. Mashine ikigusa kitu, nawe unahisi. Mtu angeamka kwake, avae koti, aende kazini ng'ambo bila kupanda gari wala ndege.

Mwaka huohuo, hapa Kenya, ulianza mradi wa kufundisha watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu Kiingereza kwa redio. Uliitwa Radio Language Arts Project, ulilipiwa na Wamarekani kupitia USAID, na uliendelea hadi 1985. Redio ilikuwa inauliza swali kisha inanyamaza. Sekunde chache tu. Darasa zima linajibu kwa kelele, halafu redio inasema jibu sahihi kana kwamba imewasikia. Mbinu yenyewe ilitoka Nicaragua, ambako ilikuwa imetumika kufundisha hesabu miaka ya 1970.

Kimya hicho kinanivutia kuliko koti la Minsky. Kuna mtu alikaa studio akahesabu ni muda gani mtoto asiyemjua, wa shule asiyoijua, angehitaji ili afungue mdomo. Hakumsikia, lakini alimngoja. Kwangu mimi hapo ndipo swali zima la kuwepo darasani liko. Unaitwa, unaitika, na aliyekuita anajua kwamba umeitika. Redio ile iliweza mawili ya kwanza na ikaigiza la tatu. Vifaa vilivyofuata vimekuwa vizuri ajabu katika kumleta mwalimu kwa mtoto. Kumpeleka mtoto kwa mwalimu, hapo ndipo shida.

Na haikuanza 1980. Redio ilipoingia Nairobi mwaka 1928 ilikuwa ya walowezi. Kazi yake ilikuwa kuwaletea habari na muziki wa kwao ili Uingereza isionekane mbali sana. Kibera wakati huo ilikuwa makazi ya askari wa Kinubi wa KAR na familia zao, watu waliopigania serikali hiyohiyo. Hakuna aliyewaza kuwauliza kitu hewani.

Ruka hadi 1997. Benki ya Dunia inaanzisha Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kinakuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Mhadhiri anasimama mbele ya kamera Marekani, mhadhara unapanda kwenye setilaiti, unashuka kwenye runinga kando ya Barabara ya Thika. Ukiwa na swali, unapiga simu au unatuma faksi. Hebu fikiria bei ya simu ya kimataifa Nairobi mwaka 1997! Picha ilikuwa inashuka yenyewe, swali linapanda kwa pesa. Makao ya chuo yalihamia Nairobi mwaka 2002, na mengi yakabadilika baadaye, lakini mimi hiyo faksi siisahau.

Kibera ilipata sauti inayorudi kwa njia nyingine kabisa. Pamoja FM, 99.9, ilianza 2007 katikati ya mtaa, miezi michache kabla ya uchaguzi ule wa Desemba. Vurugu zilipoanza, watangazaji walikuwa wanaomba watu watulie, na waliokuwa wakiombwa walikuwa majirani zao. Mtangazaji akitaja Makina au Laini Saba, msikilizaji anajua njia hiyo hadi kwenye mtaro. Anapiga simu, anatuma ujumbe, jina lake linasomwa. Teknolojia ya redio ya jamii ni duni ukiilinganisha na setilaiti. Ila ukiita, unaitikiwa.

Kawangware yetu ilipata sanduku. Mwaka 2015 BRCK, kampuni ya Nairobi iliyotokana na watu wa Ushahidi, ilitoa Kio Kit: kasha gumu la plastiki lenye tableti 40, zinazochajiwa humohumo, na masomo yamehifadhiwa ndani ili intaneti ikipotea darasa liendelee. Shule moja ya Kawangware ilikuwa kati ya zilizoitumia mapema. Mimi naiheshimu kazi hiyo. Ilitengenezwa na watu wanaojua kwamba stima hupotea na kwamba mtoto huangusha vitu. Lakini mtoto alipokwama alifanya nini? Aliinua mkono, na mwalimu aliyekuwa chumbani akaja. Sanduku lilifaa kwa sababu mwalimu hakuwa mbali.

Halafu ikaja 2020.

Machi 15 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule zifungwe. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ikapeleka masomo Radio Taifa, runinga ya Edu na YouTube. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri, tena wa haraka. Kwa ground, sisi tunaoishi mabati na ploti tulijua hesabu nyingine. Nyumba ni chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, redio ya jirani inapiga rumba na ukuta ni bati. Simu yenye intaneti, kama ipo, ni moja, na asubuhi inaondoka na mzazi kwenda kutafuta kibarua. Inarudi saa mbili usiku na kazi ya ziada iliyotumwa saa tatu asubuhi kwenye WhatsApp. Vipindi nilivyovisikia mwenyewe vilikuwa vinasoma tu, moja kwa moja, bila kungoja mtu. Ile sekunde ya 1980 haikuwepo.

Kawangware inapakana na Lavington, na huo mpaka unaeleza mambo kuliko ripoti yoyote. Mama mmoja wa ploti yetu alikuwa anafanya kazi nyumba moja ya Lavington. Alitusimulia jinsi mtoto wa bosi wake alikuwa anakaa mezani na tableti, na mwalimu anaita majina. Akiitwa, mtoto anasema yupo. Akinyamaza, mwalimu anauliza mama yake yuko wapi. "Mimi nikipangusa meza," alisema, "najua leo wamefika ukurasa gani. Wangu nyumbani sijui hata kama ameamka." Watoto hao wawili walikuwa darasa moja.

Kilichokaribia kuitika mtaani kilikuwa kitu cha kabambe. Eneza Education ilikuwa na huduma ya Shupavu 291, kupitia Safaricom: masomo na maswali ya kujipima kwa ujumbe mfupi, na sehemu ya kumuuliza mwalimu. Unaandika swali lako, mwalimu halisi anakujibu. Hakuna uso, hakuna sauti. Mwaka 2000 wasomi watatu wa Kanada, Garrison, Anderson na Archer, waliandika kuhusu wanafunzi waliokuwa wakijadiliana kwa maandishi matupu kwenye kompyuta, wakaeleza jinsi mtu anavyoweza kuonekana kuwa mtu kamili kwa wenzake kupitia maneno tu. Mtoto wa Kibera aliyejibiwa na 291 hakuhitaji kusoma makala hayo. Lakini hata hapo simu ilikuwa lazima iwe nyumbani.

Julai 7 Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12, wengine Januari 4, 2021. Kwa wenye tableti Lavington mwaka haukupotea. Walikuwa wanaitwa majina kila asubuhi. Shule kadhaa za kibinafsi za mtaani, zile za mabati zinazosomesha wengi wetu, hazikufunguliwa tena.

Mimi mwaka huo nilikuwa chuo. Mhadhiri alikuwa anauliza, "Tuko pamoja?" na miraba arobaini myeusi inanyamaza. Watu walizima kamera kwa sababu ya bando, na kwa sababu ya kilichokuwa nyuma yao chumbani. Alikuwa anauliza tena. Mwishowe mtu anaandika "ndio" na somo linaendelea. Nikaacha chuo mwaka uliofuata kwa sababu ya karo, si kwa sababu ya Zoom, kwa hivyo silaumu miraba.

Lakini wakati huo kulikuwa na vijana wa rika langu, baadhi yao Kawangware na Kibera, ambao walikuwa darasani kila usiku bila kukosa. Darasa lenyewe lilikuwa Marekani. Kazi ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo ilikuwa imeshamiri Nairobi kwa miaka, na New York Times iliiandika mwaka 2019. Watu hudhani ni insha tu. Jamaa mmoja wa stage ya 56 alinieleza kwamba alikuwa na nywila ya mwanafunzi, anaingia kama yeye, anasoma alichoandika mwalimu, anaandika maoni yake, kisha anawajibu wanafunzi wenzake wawili, kwa sababu kanuni ya kozi ilidai wawili kila wiki. Aliwajua kwa majina. Kuna mmoja aliyefiwa na baba katikati ya muhula, na yeye ndiye aliyemwandikia pole ya kwanza. Mwalimu akamsifu kwa ushiriki wake, yaani akamsifu mwenye jina.

Hilo ndilo koti la Minsky, lililofika Kawangware bila mota. Mkono ulisogea huku, kazi ikafanyika kule, na kilichoguswa kule kilihisiwa huku. Kiliandikwa tu kwenye rejista kwa jina la mtu mwingine.

Mwaka 2024 ilitoka filamu kuhusu waandishi hao, The Shadow Scholars, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, anarudi nyumbani kuwatafuta. Anawapata, wanakaa, wanaongea kuhusu shahada walizowapatia wengine. Nyuso zao zimebadilishwa kwa kompyuta ili wasitambulike. Jamaa wa 56 siku hizi anauza vifuniko vya simu. Kazi ilianza kukauka ChatGPT ilipoingia mwishoni mwa 2022. Nilimuuliza kama yule aliyefiwa alimjibu. Akasema ndio, alijibu, akaandika asante na lile jina.