BL-5C: betri ya jina na pacha wake

Juzi rafiki yangu hapa Majimbo, Embu, anayevuta sigara ya kielektroniki, aliniuliza kama anunue betri yenye jina au ile ya bei nafuu inayofanana nayo kama pacha. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, si kuuza betri. Lakini swali lake lilinirudisha nyuma hadi kwa Nokia 1100 ya baba.

Simu hiyo ilitoka mwaka wa 2003, na ndani yake mlikuwa na betri ya BL-5C, volti 3.7. Betri hiyo iliingia kwenye simu nyingi za Nokia, kisha ikaigwa na kila mtu, hadi redio ndogo na spika za Kichina zikawa zinaitumia. Kuanzia Makutano kule Meru hadi stendi ya Embu, vibanda vya simu vilikuwa nazo, nyingine zikiwa na hologramu inayong'aa kuliko ile ya kweli! Mwaka wa 2008 baba alinunua moja ya bei nafuu. Baada ya miezi michache ikafura kama mandazi, kifuniko kikakataa kufunga, akakifunga kwa raba. Tulicheka, lakini karo ya dada yangu ilikuwa ikija kwa M-Pesa kwenye simu hiyo hiyo. Simu ikizima, dada anarudishwa nyumbani.

Baba alirudi kibandani. "Mzee, hiyo ni bahati mbaya," akaambiwa, na akaombwa mia mbili nyingine.

Sasa hapa ndipo historia inakuwa tamu. Tarehe 14 Agosti 2007, Nokia yenyewe ilitoa onyo kuhusu BL-5C orijino. Betri milioni 46, zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupiga shoti kwa ndani zikiwa kwenye chaji na kupata moto kupita kiasi. Visa kama 100 vilikuwa vimeripotiwa duniani. Si feki hizo, jamani! Jina lilikuwa la Nokia, betri ilitoka Matsushita, na Nokia ilikuwa na watengenezaji wengine wa betri hiyo hiyo. Mwaka mmoja kabla, Dell ilikuwa imeita betri za laptopu milioni 4.1 zenye seli za Sony, kampuni iliyokuwa ya kwanza kuuza betri za lithiamu-ioni mwaka wa 1991.

Basi jina ni bure? Hapana. Nokia iliwaambia wateja wasome herufi na tarakimu 26 nyuma ya betri, waziingize kwenye tovuti yake, na kama betri ni ya kundi lile wapewe nyingine bila malipo. Sisi waprogramu tunalielewa hilo haraka: kila betri ilikuwa na rekodi. Ya baba haikuwa na rekodi popote.

Ndani pia kuna tofauti. Betri nzuri ina kisahani kidogo cha saketi kinachokata chaji volti zikizidi. Kwenye za bei nafuu kisahani hicho huwa hafifu au hakipo kabisa. Halafu soma namba: BL-5C orijino iliandikwa mAh 850, baadaye 970 na 1020. Pacha wake, mwenye mwili ule ule, anaandikwa 1500. Hizo nyingine zimekaa wapi?

Mwisho wa Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza simu feki zizimwe kwa kutumia namba zake za IMEI, na simu karibu milioni 1.9 zikakatwa. Lakini betri haina IMEI. Simu ilikufa, betri yake ikahamia simu ya jirani.

Kwa hiyo nilimwambia rafiki yangu asiulize jina lililo kwenye ganda, aulize seli imetengenezwa na nani. Katika betri za sigara hizi, zile ziitwazo 18650, majina mengi hayatengenezi chochote: yananunua seli za wengine na kuzivika ganda lao. Akatoa yake mfukoni, akaigeuza mara mbili. Herufi kubwa za dhahabu, hakuna mtengenezaji, hakuna tarehe. Akairudisha mfukoni.

Nikamwambia aitoe tena haraka. Funguo zake za nyumba zilikuwa mfuko huo huo, na chuma kikigusa ncha zote mbili, ni shoti.