Mizani ya mafuta mwilini: namba zake ni za kuaminika?

Mizani hii haioni mafuta, inakadiria tu. Hupitisha umeme mdogo usioumiza kupitia miguuni. Maji mwilini huupitisha vizuri, mafuta huuzuia. Ndiyo maana ukitoka kulima Tarime au Mugumu ukiwa na kiu, inaweza kukuonyesha mafuta mengi kuliko uliyonayo.

Pima asubuhi kabla ya kula, kwa mizani ileile, na linganisha wiki kwa wiki. Mwenye kifaa cha umeme moyoni asiitumie.

Huna mizani? Kwa mtu mzima asiye mjamzito, kamba inatosha. Kata yenye urefu wako, ikunje katikati, izungushe kiunoni. Isipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi: nenda zahanati ukapime presha na sukari.