Askari na Mhudumu katika Maafa ya Goma

Nyumba ishikapo moto, haulizwi mtu kabila wala kazi yake; kila mwenye ndoo huikimbilia. Lakini moto ukisha kuzimwa, hatuna budi kuuliza ni nani aliyeuwasha, na kama bado amekaa miongoni mwetu. Mambo hayo mawili yalikutana Goma, katika Zaire ya wakati ule, mwezi wa Julai 1994.

Katika siku chache wakimbizi wa Rwanda wanaokadiriwa kuwa kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka na kutua juu ya mawe ya volkano. Jembe halikuingia: vyoo havikuchimbika, wala makaburi. Kambi ya Kibumba haikuwa na maji. Kipindupindu kikazuka, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000.

Wahudumu wa kiraia walikuwa na dawa na ujuzi, lakini hawakuwa na mitambo ya kutosha. Wanajeshi wa Ufaransa wakachimba makaburi kwa matingatinga. Wanajeshi wa Marekani wakaleta mitambo ya kusafisha maji ya Ziwa Kivu, na malori yakayapeleka kambini. Vifo vikapungua. Hilo hatulikatai.

Hata hivyo, humo kambini walikuwamo askari na wanamgambo walioua wenzao katika mauaji ya kimbari, nao wakautawala ugawaji wa chakula. Kuwapokonya silaha hakukuwa kazi ya majeshi yale ya kigeni, nayo hayakukawia kuondoka Goma. Mhudumu akabaki peke yake na wenye bunduki. Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka, likikataa kuwalisha wauaji. Mwaka 1995 Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa liligharimia askari wa Zaire kulinda kambi. Utulivu uliongezeka, lakini wenye silaha hawakutengwa na raia. Mwaka 1996 vita vikazivunja kambi hizo.

Sisi Watanzania, ambao Aprili 1994 tuliwapokea Ngara wakimbizi wanaokadiriwa kufikia 250,000 kwa siku mbili tu, twalijua zito la mzigo huo. Twaona kwamba askari aitwe pale raia anapokosa chombo, naye afanye kazi chini ya uongozi wa raia. Lakini kumwita abebe maji, huku mwenye panga akiachwa kisimani, ni kuitimiza nusu ya wajibu.