Nani Alipe Nauli ya Gunia?

Chala imekaa juu ya uwanda wa Ufipa, wilayani Nkasi, kwenye barabara itokayo Sumbawanga kwenda Namanyere. Ukishuka kusini hadi Tunduma kisha ukafuata barabara kuu, Dar es Salaam iko mbali kwa zaidi ya kilomita 1,100. Gunia la mahindi linalotoka na mfuko wa sukari unaoingia vyote hubeba umbali huo. Historia ya biashara ya chakula nchini husimuliwa kama ugomvi wa serikali na mfanyabiashara: huyu alinyang'anywa, baadaye akarudishiwa. Kwa mkulima wa Ufipa ugomvi huo haukuwa kiini cha jambo. Kilichoamua kipato chake, miaka nenda miaka rudi, ni nani anayelipa nauli ya gunia.

Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, serikali ilitaifisha makampuni makubwa ya biashara ya jumla na kuyaweka chini ya shirika moja, STC. Nchi ilikuwa pana mno kuhudumiwa kutoka makao makuu, na mwaka 1973 kazi hiyo ikagawiwa kampuni za biashara za mikoa, zile RTC wanazozikumbuka wazee. Rukwa, mkoa wenye Ufipa, uliozaliwa mwaka 1974, nao ukaingia katika mpango huo. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, ya ujamaa yachukue nafasi. Ilisitishwa upesi. Kufunga mlango wa duka kulikuwa kazi ya siku moja, lakini mwenye duka alikuwa pia anafuata bidhaa mjini, anakopesha hadi mavuno na kununua mazao, na kazi hizo hazikupata mrithi kwa amri.

Hata hivyo, enzi hizohizo ndizo zilizoifanya Ufipa kuwa ghala la taifa. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, na Shirika la Usagishaji, NMC, likawa linanunua gunia la Nkasi kwa bei ileile ya gunia la Morogoro. Nauli ilibebwa na taifa. Uwanda uliozoea ulezi ukajaa mahindi, na Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya zao hilo. Atakayesema kwamba mzigo huo ulichangia kuizamisha NMC katika madeni atakuwa amesema kweli, na ni kweli pia kwamba mijini watu walikuwa wakila unga wa yanga, wa mahindi ya njano, ulioagizwa ng'ambo. Lakini tusiishie hapo. Safari moja ilikuwa imekatwa vipande viwili: bidhaa za dukani zilikuwa mali ya RTC, mahindi mali ya NMC. Lori lililopandisha sukari Ufipa halikuwa na wajibu wa kushusha mahindi. Umbali ulikuwepo tangu enzi za mababu. Kuulipia mara mbili kulitokana na mpango wetu wenyewe.

Ruzuku ya sembe iliondolewa mwaka 1984, na vizuizi vya kusafirisha mahindi vikalegezwa hadi kufutwa mwaka 1987. Mfanyabiashara wa jumla akaziunganisha tena zile safari mbili: analeta sabuni, mafuta na unga wa ngano, anarudi na mahindi au maharage. Kwa hesabu za nauli hakuna aliyemshinda. Wapo wanaomwona mlanguzi tu, na lumbesa inawapa haki ya kusema hivyo, kwa kuwa gunia lililovimbishwa juu ya mdomo ni nauli anayotozwa mkulima bila kutajiwa. Dawa ya lumbesa ni mizani. Kumfukuza mwenye lori tulikwisha kujaribu.

Wengine wanatazamia supamaketi kubwa, kwamba kampuni yenye maghala na magari yake ingeondoa watu wa kati. Tuangalie yaliyotokea. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka nchini mwaka 2014, maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga maduka yake hapa nchini mwaka 2015, na baada ya miaka michache Nakumatt yenyewe ikaanguka, ikidaiwa na wauzaji wake. Hizo zilikuwa kampuni zenye maduka Dar es Salaam, Arusha na Moshi, penye wateja wengi na barabara nzuri. Supamaketi ni ghala kwanza, rafu baadaye, na ghala halisimami ikiwa aliyelijaza halipwi. Kama hesabu iliwashinda huko, sioni watakavyoiweza Chala.

Nauli ya umma, kwa kweli, haikukoma, ilibadili sura. Kilomita 223 za lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, zilizojengwa kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba wa 2008, ni fedha za umma kulipia tena umbali wa Ufipa, safari hii wazi, na kwa kila anayepita badala ya shirika moja. Naiona njia hii kuwa bora kuliko bei moja. Kasoro yake ni kwamba unafuu wa barabara humfikia kwanza mwenye gari. Serikali imejenga vihenge vya kisasa Sumbawanga na Mpanda, na Chala ipo kati ya miji hiyo, lakini mwenye magunia kumi anayedaiwa ada ya shule mara tu baada ya mavuno hauzi kihengeni, anauza mlangoni. Panapohitajika nguvu sasa ni hapo hapo mlangoni: ghala la kijiji linaloweza kumpa mkopo huku mahindi yake yakisubiri bei, mizani inayoaminika, na vinu vya kutosha. Gunia likisafiri bila kusagwa, pumba nazo zinalipiwa nauli hadi pwani. Lori lililoshusha sukari Chala lipakie sembe iliyosagwa Chala, kwa kilo zilizopimwa, na pumba zibaki kwa ng'ombe na nguruwe wa hapo.