Chumvi yetu ya bahari na madini joto

Swali tunaloulizwa mara kwa mara na wasikilizaji wa Mkinga na Pangani ni hili: sisi tunakaa pwani, samaki tunakula, chumvi tunavuna wenyewe majarubani. Ya nini tena kutafuta chumvi yenye madini joto? Swali ni la haki, kwa sababu madini joto, yaani iodini, asili yake kubwa ni bahari. Hata mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alipoigundua, aliipata kwenye majivu ya mwani.

Lakini lita moja ya maji ya bahari ina mikrogramu 50 hadi 60 tu za iodini, na mtu mzima anahitaji kama 150 kwa siku. Mama mjamzito anahitaji 250. Tena maji yanapokauka jarubani, sehemu kubwa ya hiyo kidogo hubaki kwenye yale maji machungu yanayomwagwa mwishoni. Mwani hukusanya iodini, chumvi haikusanyi. Kwa hiyo chumvi ghafi, hata iwe nyeupe namna gani, karibu haina kitu. Jirani zetu wa Pemba wamezungukwa na bahari pande zote, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta upungufu kwa watoto wa shule. Chumvi iliyotumika huko wakati ule karibu yote ilikuwa haijawekwa madini joto.

Upungufu huu wengi tunaujua kwa rovu, ule uvimbe wa shingoni. Rovu linaonekana, ila si ndilo baya zaidi. Mimba ikikosa iodini, ubongo wa mtoto haukui inavyotakiwa, na hilo halirekebishiki akishazaliwa. Wala muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa vizuri haukusaidii: una kemikali inayozuia tezi ya shingo kuchukua hata iodini iliyopo.

Kinachowekwa kwenye chumvi si iodini tupu, kwa sababu hiyo huyeyuka hewani kwa haraka. Kinachotumika ni potasiamu aiodeti, inayovumilia joto na unyevu wa hali ya hewa kama yetu. Mzalishaji mdogo huichanganya na maji safi, akanyunyizia chumvi kwa bomba la mgongoni huku mwenzake akigeuza kwa koleo. Gramu 85 zinatosha kuipa tani nzima miligramu 50 hivi za iodini kwa kila kilo. Kwa kuwa ni kidogo hivyo, kugeuza ndiyo kazi yenyewe. Kusipogeuzwa vizuri, upande mmoja wa gunia unapata na mwingine unakosa.

Utajuaje imo? Hapa inaingia ile dawa ya kahawia ya maabara ya shule. Iodini haipendi kuyeyuka kwenye maji matupu, ndipo mwaka 1829 daktari Jean Lugol akaiyeyusha kwa kuongeza potasiamu aiodidi. Tone lake likigusa muhogo au ugali, wanga hugeuka bluu nyeusi. Chumvi hupimwa kwa rangi hiyohiyo, ila kwa kinyume: kichupa cha kupimia kina wanga, aiodidi na asidi kidogo. Aiodeti ikikutana navyo, iodini hujitokeza na chumvi hugeuka bluu au zambarau. Kuinyunyizia tu kwenye ugali hakutakuonyesha chochote, hata kama madini yamo. Kichupa nacho kinakwambia ipo au haipo. Kiasi kamili hupimwa maabara.

Dawa ya kahawia ya kuoshea vidonda nayo ina iodini, na inaua vijidudu vizuri. Ile ya spiriti huchoma, ya povidoni aiodini hutoa iodini polepole na haiumi sana. Zote ni za nje. Usimpe mtu kunywa eti kwa ajili ya rovu; kipimo chake ni kikubwa mno na huweza kuharibu hiyohiyo tezi. Mwenye uvimbe shingoni aende kituo cha afya.

Nyumbani, weka chumvi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jiko. Chumvi ikilowa, maji hushuka chini na madini joto yake. Kwenye mchuzi, itie mwishoni unapokaribia kuepua.